Rudisha Chenji Uone

Mtu akikupunja mia tano hapa Kigoma, mashahidi hutakosa. Muuza karanga atakutetea, kijana wa bodaboda atazima pikipiki asikilize vizuri, na mama mwenye beseni la dagaa atasema hiyo ndiyo tabia ya duka lile tangu zamani. Lakini keshia akikuzidishia elfu tano ukairudisha, uko peke yako.

Nasema ninayoyajua. Kwenye duka moja pale Mwanga, la kisasa, lenye kaunta na mashine ya risiti, nilinunua sukari, sabuni na majani ya chai. Jumla 6,500. Nikatoa msimbazi, noti ya elfu kumi. Binti wa kaunta, jicho moja kwenye simu, akanirudishia 8,500. Nikahesabu, nikahesabu tena, nikamwambia, "Dada, umenizidishia."

Akaniangalia kama niliyemtukania mama yake. Akaichukua ile noti ya elfu tano, akainyanyua kwenye mwanga wa taa, akaipapasa. Anaikagua isije ikawa ya bandia! Noti imetoka kwenye droo yake nusu dakika iliyopita, sasa imepita mkononi mwangu imeshakuwa mtuhumiwa. Nyuma yangu jamaa akanong'ona, kwa sauti ya kusikika mpaka stesheni, "Huyo mzee ana lake jambo." Mwingine akatoa ushauri wa bure: "Baba, kama huitaki si unipe mimi?" Akaitwa bosi. Bosi hakuuliza keshia alirudisha ngapi, aliniuliza mimi nilitoa ngapi, kwa ile sauti ya askari wa kizuizini. Nikajieleza. Nikaonyesha risiti. Mwishoni binti akarudisha noti kwenye droo, akasema, "Haya."

Haya! Huu ndio mkoa wa Waha, watu ambao salamu yao ina makofi na mizunguko, watakuuliza habari za nyumbani, za shamba, za watoto na za mbuzi kabla hujafika kwenye shida iliyokuleta. Elfu tano nzima nikaambulia haya.

Nilipofika Ujiji nikamsimulia shangazi, nikitarajia kupewa kikombe cha chai na sifa. Akanigombeza. Akasema nimemchongea mtoto wa watu mbele ya bosi wake. Akanieleza kwamba jioni droo hupigwa hesabu, ikipungua ni shoti, na shoti hukatwa kwenye mshahara wa keshia, wala bosi haulizi ilikuwaje. Mwenye adabu, kwa maoni ya shangazi, angesubiri foleni iishe, angeinama na kusema, "Mwanangu, kuna kitu chako nimekibeba," angeiweka noti chini ya risiti na kuondoka. Sawa. Kwa hiyo uaminifu nao una muda wake na pozi lake. Na hiyo foleni ingeisha saa ngapi, wakati kuna mtu analipia katoni za biskuti kwa sarafu tupu?

Ukutani mwa duka lile kuna tangazo: hesabu chenji yako kabla ya kuondoka, baada ya hapo hatuhusiki. Nimelisoma sana. Halisemi kama kutohusika huko ni kwa pande zote mbili. Nikigundua upungufu nikiwa nimefika mwembeni, nimekula hasara. Je, nikigundua ziada nikiwa hapo hapo mwembeni, si na wao hawahusiki? Siulizi kwa nia mbaya. Na ukilitii tangazo lenyewe, ukahesabu mbele ya macho yake, binti ananuna: "Baba, huniamini?"

Halafu kuna hii biashara ya "chenji hamna". Unadai mia mbili, unapewa pipi nne. Unadai mia, unapewa kiberiti. Kule Kibirizi, ambako mashua za Burundi na Kongo hushusha watu na mizigo, nimewahi kukabidhiwa noti ya faranga, imechakaa hadi picha haionekani, nikaambiwa "hiyo inapita tu." Imekataa kupita kwa kila mtu isipokuwa mimi. Na siku nilipompelekea muuzaji pipi zake nne kama malipo ya mia mbili, aliniuliza kama nimeamka vizuri.

Msidhani ni mambo mapya. Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika Ujiji mwaka 1874 alikuta sokoni watu wanalipana kwa shanga ziitwazo sofi, zinazofanana na vipande vya shina la kiko. Asubuhi walikuwapo wanaume na mifuko yao ya sofi, wanawabadilishia wanunuzi waliokuja na shanga za aina nyingine. Soko likifungwa, wanazinunua tena sofi kwa wauzaji. Faida wanakula asubuhi, faida wanakula jioni. Hapo ndipo uzao wa keshia wangu ulipoanzia, ila wale angalau chenji walikuwa nayo.

Na kuhusu adabu, wageni wakija Ujiji tunawapeleka kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, tunawasimulia zile salamu za 1871. Mimi ningewasimulia habari za Sherifu. Huyu alikabidhiwa mali ya Livingstone iliyotumwa kutoka Zanzibar. Mzee wa watu akarudi Ujiji mwezi Oktoba mwaka huo huo kutoka Manyema, hoi, mgonjwa, akakuta Sherifu ameuza kila kitu na kujinunulia pembe za ndovu. Utetezi wake? Kwamba alibashiria kwa Msahafu, akaona Livingstone ameshakufa. Siku hizi keshia husema tu mtandao ulikuwa chini.

Lakini kinachonifurahisha ni kilichofuata. Sherifu alimwendea kumpa mkono, bila haya. Livingstone alipokataa, Sherifu akakasirika, akaona amevunjiwa heshima! Na baada ya hapo akawa anakuja kumtakia heri asubuhi na jioni, kila siku, kama jirani mwema. Mali hakurudisha, ila salamu hakukosa hata moja. Livingstone mwenyewe ameyaandika haya katika shajara zake, na kwa ukali wake unaona kabisa kwamba zile salamu zilimuuma karibu sawa na mali. Mimi na yeye tungeelewana. Yeye alipata adabu bila mali, mimi nimetoa mali nikakosa adabu.

Siku hizi hata kaunta si lazima, makosa yanakufuata nyumbani kwa simu. Jamaa alinipigia: "Mzee samahani, nimekosea namba, nimekutumia elfu thelathini, naomba unirudishie." Sasa nchi hii nani hajapokea ule ujumbe wa matapeli wa "ile pesa itume kwenye namba hii"? Nikaangalia salio, kweli imeingia. Nikamwambia kwa upole apige huduma kwa wateja, wairudishe wenyewe, mimi sitaigusa. Akaniita mwizi. Akasema watoto wake watalala njaa kwa ajili yangu. Nikakaa na hela ya mtu kwenye simu, naogopa hata kununua vocha.

Kampuni ikairudisha. Kesho yake jamaa akapiga tena, nikajiweka sawa nipokee shukrani. Akaniambia hela imefika yote, ila makato ya kutuma hayakurudi, na kwa kuwa ni mimi niliyegoma tusimalizane kiutu uzima, nimtumie.