Jinsi ya Kuthibitisha kwamba Huna pa Kwenda

Kwanza, jua kwamba karatasi ipo. Hatua hii ndiyo iliyowashinda wengi kati ya watu niliowatafsiria mjini Cedar Rapids, jimbo la Iowa, Marekani, kuanzia Septemba 2020 hadi Agosti 2021. Iliwashinda kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kuwaambia. Agizo la CDC, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa, lilianza kufanya kazi tarehe 4 Septemba 2020. Lilisema mpangaji aliyeshindwa kulipa kodi ya nyumba wakati wa korona asitolewe, maana anayetolewa huenda kubanana na wengine, na watu wakibanana ugonjwa hupata njia. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli na naiunga mkono mpaka leo. Lakini agizo halikumlinda mpangaji hivi hivi. Lilimlinda baada ya yeye mwenyewe kujaza tamko, kulitia saini na kumkabidhi mwenye nyumba. Tarehe 9 Oktoba serikali ikatoa ufafanuzi: mwenye nyumba halazimiki kumjulisha mpangaji kwamba kinga hiyo ipo, anaruhusiwa kufungua kesi, na anaruhusiwa kubisha mahakamani kwamba yaliyoandikwa kwenye tamko si kweli.

Tamko lile limekwisha nguvu zamani. Nauandika mwongozo huu kwa sababu janga jingine likija, karatasi ya namna ileile itakuja nalo, na atakayetakiwa kuijaza ni yuleyule mama anayetoka zamu ya usiku.

Wengi niliowasaidia ni Wakongo wa Kivu waliopita kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Tanzania, au Nakivale, Uganda, kabla ya kufika Iowa, pamoja na Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili ndicho tulichokutania. Walikuwa wakifanya kazi kwenye viwanda vya nyama, wakisafisha hoteli, wakipanga mizigo kwenye maghala. Korona ilipoingia viwandani masika ya 2020, saa za kazi zikakatwa au mtu akaugua, na kodi ya mwezi ikabaki palepale. Kisha tarehe 10 Agosti upepo mkali ukaupiga mji mzima, ukang'oa mapaa na miti, na familia za wakimbizi zikalala kwenye mahema nje ya nyumba walizokuwa wamepanga. Agizo lilipotoka hazikuwa zimetimia wiki nne.

Ukishajua kwamba karatasi ipo, ipate. Tovuti zilikuwa zimejaa nakala yake, na mwenye simu aliweza kuisoma, ila kuichapa kulihitaji printa, na sisi hatukuwa na printa. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawakulijua: haikulazimu iwe fomu yenyewe ya serikali. Karatasi yoyote yenye maneno yaleyale ilitosha. Tuliandika kwa mkono, kwenye karatasi za daftari la shule, kwa herufi kubwa. Pia kila mtu mzima ambaye jina lake limo kwenye mkataba wa upangaji alitakiwa kutoa tamko lake. Nilikuta nyumba ambamo baba ametia saini peke yake akiamini amewafunika wote, kumbe mke na kijana wao wa miaka 19 wamo kwenye mkataba na hawana chochote mkononi.

Sasa soma mambo unayothibitisha. Yako matano, na kila moja linataka maandalizi yake.

La kwanza ni kwamba umefanya jitihada zote kupata msaada wa serikali wa kulipia kodi. Nunua daftari. Kila simu unayopiga, andika siku, saa, na jibu ulilopewa, hata kama ni kinanda cha kusubirisha watu kwa dakika arobaini. Jitihada zisizoandikwa ni ngumu kuzionyesha mbele ya hakimu. Na ujue kwamba fedha kubwa za msaada huo, dola bilioni 25 za kwanza, zilipitishwa na sheria iliyotiwa saini tarehe 27 Desemba 2020. Kwa karibu miezi minne watu walithibitisha kwamba wameutafuta msaada ambao kwa sehemu kubwa haukuwa umetengwa bado.

La pili ni kipato: usitarajie kuzidi dola 99,000 kwa mwaka, au dola 198,000 kwa mume na mke wanaowasilisha kodi ya mapato pamoja. Wasiokuwa na uhakika na hesabu walikuwa na njia fupi. Kama ulipokea ile hundi ya serikali ya dola 1,200, ulikuwa umekidhi sharti. Nilikuwa nauliza tu, "Ile pesa ya korona ilikufikia?" na tunasonga mbele.

La tatu ni sababu ya kushindwa kulipa: kipato kimepungua sana, saa zimekatwa, umeachishwa kazi, au umelipa matibabu kupita kiasi. Weka hati za mshahara za kabla na baada, zibane pamoja.

La nne lilituumiza kwa namna ambayo sikuitarajia. Unathibitisha kwamba unajitahidi kulipa sehemu ya kodi kwa wakati, karibu na kodi kamili kadiri hali yako inavyoruhusu. Kwetu kumpelekea mtu deni nusu ni aibu. Baba mmoja alikuwa ameweka dola 400 kwenye bahasha chini ya godoro, akisubiri zitimie 750 ndipo aende kwa heshima. Kwa nia yake, alikuwa anajiandaa kulipa. Kwa macho ya karatasi, alikuwa mtu asiyelipa kitu. Kwa hiyo peleka ulichonacho, hata dola 50, mwezi ukianza. Dai risiti. Akikataa kupokea, mwandikie ujumbe wa simu siku hiyohiyo ukisema ulileta kiasi gani naye akakataa, na uutunze ujumbe huo.

La tano ndilo lililonifanya nikae na mama mmoja kwenye ngazi za jengo lake mpaka giza likaingia. Unathibitisha kwamba ukitolewa, huenda ukakosa makao, au ukaingia kwenye makazi ya dharura, au ukahamia nyumba nyingine mnakobanana na wengine. Mama huyo alikuwa na watoto sita. Alikuwa ametia alama kwenye mambo manne bila shida. Alipofika hapo akanirudishia kalamu.

"Kaka, hii ya tano siwezi sema. Dada yangu iko. Hawezi niacha inje."

Nilimwelewa. Katika lugha yetu, mwenye dada hawezi kuitwa mtu asiye na makao. Kusema hivyo ni kumtukana dada, na kumdanganya hakimu juu yake. Nikamuuliza dada anaishi wapi. Vyumba viwili, akasema. Wako wangapi? Saba. Na familia moja iliyotoka kwenye mahema baada ya upepo, nayo imehamia humohumo, watu wanne. Na wewe ukienda na wanao? Akahesabu kwa vidole, akarudia, akafika kumi na wanane.

Nikamsomea upya kipande cha mwisho cha sentensi, kile cha kubanana. Akasikiliza. "Basi hiyo njo sisi," akasema, na akaichukua kalamu.

Ndiyo maana nasema usimwachie mtu fomu hii mlangoni ukaondoka. Sentensi ile ilikuwa na njia tatu, na ya tatu iliandikwa kwa ajili yake hasa, lakini macho ya mtu husimama kwenye neno la kwanza linalomwaibisha. Mtafsiri akisoma haraka, mpangaji anakosa haki yake kwa sababu ya ukweli wake mwenyewe.

Na kosa la namna hiyo nilikwisha kulifanya mimi. Kwenye tamko pameandikwa kwamba unathibitisha haya chini ya adhabu ya kusema uongo. Wiki za mwanzo nilikuwa nayatafsiri maneno hayo hivi: "unaapa." Mzee mmoja, mwinjilisti, akaiweka kalamu mezani. Imani yake haimruhusu kuapa, hata kwa jambo la kweli. Wengine hawakusema kitu, walikunja tu karatasi wakaahidi kurudi, na hawakurudi. Watu hawa walihojiwa na maafisa mara nyingi kabla ya kupandishwa ndege, wakiulizwa maswali yaleyale miaka mfululizo, wakijua tofauti ya tarehe moja inaweza kuisimamisha safari ya familia nzima. Ukiwatajia kiapo na adhabu kwa pumzi moja, wanaona kambi. Nikabadilisha. Nikawa nasema: "Unathibitisha kwamba ni kweli, na ukidanganya kwa makusudi unaweza kushtakiwa. Kuna chochote hapa ambacho si kweli?" Tukapitia mstari kwa mstari. Hakuna aliyeondoka tena.

Ukishatia saini, mpe mwenye nyumba. Usiipeleke serikalini. Hili liliwachanganya wengi, na si ajabu: agizo ni la serikali, onyo ni la serikali, basi kwa nini karatasi iende kwa mtu yuleyule anayetaka kukutoa? Lakini ndivyo lilivyokuwa. Piga picha kila ukurasa kabla ya kuitoa mkononi. Ukiipeleka mwenyewe, nenda na shahidi. Ukiituma, tumia posta ya rejesta na utunze stakabadhi. Mwenye nyumba anayevunja agizo alitishiwa faini ya hadi dola 100,000 na kifungo cha hadi mwaka mmoja. Mjini kwetu sikusikia hata mmoja aliyefikishwa huko, kwa hiyo usiitegemee faini, itegemee nakala yako.

Kisha nenda mahakamani hata kama umeshatoa tamko. Hapa naomba usikilize kuliko kote. Iowa mwenye nyumba anaweza kukupa notisi ya siku tatu ulipe, na usipolipa akafungua kesi, na kesi hizi huenda mbio. Usipoonekana, hakimu anatoa hukumu ya upande mmoja, na tamko lako limelala kwenye droo ya mwenye nyumba. Hakimu hawezi kusoma kisichofika mbele yake. Mpigie karani mapema, mwambie unataka mkalimani wa Kiswahili. Kesi ikisikilizwa kwa simu au kwa Zoom, chaji simu, kaa mahali penye mtandao, waombe watoto wanyamaze, na useme sentensi hii kabla ya nyingine yoyote: "Nimetoa tamko la CDC, na nakala ninayo."

Uwe mwangalifu na kesi isiyotaja kodi. Agizo lilizuia kutolewa kwa sababu ya kutolipa tu. Ukiambiwa umevunja sharti jingine la mkataba, karatasi haikukusaidia. Fikiria nyumba ya yule dada. Mikataba mingi hutaja idadi ya wakazi. Watu kumi na wanane wakiingia kwenye vyumba viwili, dada asiyedaiwa hata senti anaweza kutolewa kwa kuwapokea ndugu zake, na agizo lililoandikwa kuzuia watu wasibanane halikuwa na neno juu yake.

Tarehe nazo zifuatilie kama dawa ya mtoto. Mwisho ulikuwa 31 Desemba 2020, ukasogezwa hadi 31 Januari, kisha 31 Machi, kisha 30 Juni, kisha 31 Julai 2021. Kila mara simu yangu ililia siku mbili kabla: je, tutie saini tena? Hapana, la zamani liliendelea kufaa mradi yaliyomo bado ni kweli. Julai ilipokwisha, mbunge Cori Bush wa Missouri, ambaye aliwahi kutolewa nyumbani na kulala garini na wanawe, alilala nje kwenye ngazi za Bunge la Marekani kudai kinga irudi. Tarehe 3 Agosti likatoka agizo jipya. Tarehe 26 Agosti Mahakama ya Juu ya nchi ikaliondoa.

Na deni? Lilikuwa likikua muda wote. Tamko lenyewe lilisema hivyo: kodi unadaiwa, ada za kuchelewa zinaweza kuongezwa, na kinga ikiisha unaweza kutakiwa kulipa yote. Bunge lilikuwa limetenga zaidi ya dola bilioni 46 za kulipia kodi za watu. Kufikia mwisho wa Julai 2021 zilikuwa zimetoka bilioni 5 na kidogo. Fedha zilikuwepo, na watu waliozihitaji walikuwepo, na katikati palikuwa na fomu nyingine: mkataba, hati za mshahara, barua ya mwajiri, karatasi za kodi za mwenye nyumba ambaye wakati mwingine hataki kuzitoa.

Ningepewa kuandika agizo hilo ningeligeuza kichwa chini. Mwenye nyumba ndiye mwenye wakili, ofisi na printa. Yeye ndiye angejaza fomu. Angethibitisha, chini ya adhabu ileile ya kusema uongo, kwamba amempa mpangaji maelezo ya haki yake kwa lugha anayoielewa, na kwamba ameomba fedha za msaada kwa niaba yake akakosa. Bila hati hiyo karani asipokee kesi.

Yule mama hakutolewa. Msaada wa kodi ulimfikia mwaka uliofuata, baada ya maombi mawili kurudishwa. Septemba 2021 nilipita kwake kumsomea barua ya shule, akatoa mfuko wa plastiki anamotunza karatasi zake: hati za ukimbizi, kadi za chanjo, vyeti vya watoto. Tamko lilikuwa humo, limekunjwa mara nne, kwa mwandiko wangu wa herufi kubwa.

"Hii ingali inatumika?"

Nikamwambia hapana, mahakama imeifuta.

Akaikunja tena na kuirudisha mfukoni, kati ya kadi za chanjo na vyeti. "Tuiache tu," akasema. "Siku moja wataiuliza."