Jinsi ya Kula Sikukuu Mkoani: Mwongozo kwa Anayeshuka Melini

Kwanza tua mizigo. Najua umebeba vingi: nguo mpya za watoto, boksi la tambi, kanzu ya mjomba uliyomwahidi tangu mwaka juzi, na ile spika yako yenye taa zinazobadilika rangi. Vyote karibu. Spika tu ndiyo nitakayokuomba uisukume chini ya kitanda kwa shangazi, ikae huko mpaka Sikukuu ya nne ipite. Sababu nitakupa mbele ya safari, na nakusihi usome mpaka ufike hapo, maana mwongozo huu wote umeandikwa kwa ajili ya spika hiyo.

Mkoani ndio mlango wa Pemba. Meli inafunga gati hapa, na siku mbili tatu kabla ya Idi gati hilo linajaa Kipemba cha kila rangi: cha Tanga, cha Kariakoo, cha Mombasa, na kile kilichokaa Muscat hata kikaanza kunukia udi. Mpemba ni mtu wa bahari, popote penye samaki utamkuta. Wapo waliovuka na madau yao mpaka Kwale na Kilifi, wakazaa na kujukuu huko, na hawakutambuliwa kuwa jamii mojawapo ya Kenya mpaka mwaka 2023. Basi usijione wewe peke yako ndiye mgeni wa kuandikiwa shairi. Pita, toa salamu. Anayekatiza mbele ya baraza kimya kimya hupata jina jipya kabla ya magharibi, na jina hilo humfuata mpaka kwa wajukuu.

Hatua inayofuata ni kujua unakula Idi ya mwezi upi. Jambo hili si dogo. Zipo nyumba zinazofuata mwezi ulioonekana nchi nyingine, na zipo zinazongoja tangazo la Mufti. Unaweza kukuta ndugu wa tumbo moja, mmoja ameshavaa kanzu mpya na mwenzake bado anafunga. Dawa yake ni moja: usibishane. Wanaojua dini kuliko mimi na wewe wamebishana miaka mingi, na wewe umekuja kwa siku nne. Nenda nyumba ya kwanza leo, nenda ya pili kesho, upake mafuta ya mdomo kote kuwili. Anayekaa barazani kutetea mwezi wake hukosa pilau ya nyumba ya pili, na kumkosesha shangazi furaha ya kumwona anakula.

Ukiwahi kufika Ramadhani haijaisha, utaamshwa usiku wa manane na vijana wenye ngoma wanaozunguka mitaani kuwaita watu wale daku. Usiwatupie maneno dirishani. Hao ni wapiga ngoma wanaojifunza kazi, na mtaa mzima ndio darasa lao. Wengi wa wanaume ninaowaona leo wakishika ngoma kubwa walianzia huko, wakigonga kibati cha mafuta gizani huku mtu mzima akiwatisha kwa bakora. Siku ya Idi watapita kuomba chao. Wape, na usiwape sarafu zilizobaki mfukoni.

Na hapa ndipo watu wa mjini wanapoangukia. Badilisha pesa kabla hujapanda meli. Noti kubwa haina kazi asubuhi ya Sikukuu Mosi. Ukishatoka kuswali, na takbira bado zimo masikioni, watoto watakuwa wamepanga mstari ukumbini kudai mkono wa Idi, na watoto wa Mkoani wanajua hesabu. Wanajua mwaka jana ulimpa nani kiasi gani. Wanajua pia nauli ya kwenda Chake Chake, kwenye kiwanja cha kufurahishia watoto cha Tibirinzi, na bei ya kila kinachouzwa huko, kuanzia baluni mpaka bastola ya maji. Usimwambie mtoto "nitakupa baadaye". Kwake hakuna baadaye, gari inaondoka.

Chakula sitakifundisha. Ukikaribishwa kaimati kula, ukikaribishwa bokoboko kula, ukisema umeshiba utaulizwa umeshiba kwa nani.

Sasa tuje kwenye alasiri, kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Pemba ina ngoma zake. Wapo wanaodhani ngoma ya Zanzibar ni taarabu basi, na taarabu yenyewe ni ya ukumbini Unguja, watu wamekaa vitini. Ipo msewe, ngoma ya wanaume, iliyopewa jina la misewe, vile vinavyofungwa miguuni vikalia kila mguu unapotua. Ukiikuta, tazama miguu, usitazame nyuso. Wakiwa kumi na wote wamekanyaga pamoja, ardhi hujibu, na hapo utajua kwa nini wazee husimulia kwamba ngoma hii ilichezwa mbele ya watawala. Ipo kirumbizi, mchezo wa fimbo, wawili wakikabiliana katikati ya duara na ngoma ikiwachochea. Kanuni ya kirumbizi ni fupi: hasira uiache nyumbani. Kama una kesi ya shamba na binamu yako, usiingie naye uwanjani, maana watu wote wanaijua kesi hiyo na watakuwa wanaangalia fimbo yako inaelekea wapi.

Na ipo kibati. Hapa nitakaa kidogo. Kibati ni ngoma ya maneno. Watu hujibizana kwa kasi, ngoma ikienda mbio chini yao, na waliozunguka huitikia. Maneno hayakuandikwa popote. Yanatungwa papo hapo, kwa aliyesimama, kwa kilichotokea juzi, kwa mwenye kanzu fupi na mwenye deni refu. Ukiwa umekulia mbali, utasikia mvua ya silabi na watu wanavunjika mbavu, nawe umebaki na tabasamu la kuazima. Usitoe simu kurekodi ukidhani utakwenda kuisikiliza Dar es Salaam polepole. Utafika huko na sauti, maana yake imebaki uwanjani, kwa sababu humjui anayesemwa. Fanya hivi: kaa karibu na bibi mmoja, umsalimie vizuri, kisha umwombe akufasirie. Atakwambia nani ni mtoto wa nani, nani alimwacha nani, na kwa nini neno lile dogo limewaangusha watu wote chini. Katika nusu saa utakuwa umejifunza ukoo wako kuliko ulivyojifunza katika miaka kumi ya kupiga simu. Ndiyo maana nasema kibati cha mwaka jana ni kama samaki wa mwaka jana. Lazima uwepo siku alipovuliwa.

Ukisikia mtu anasema ngoma hizi ni za wenyeji tu na mgeni hana chake, mtulize. Taarabu yenyewe ilipanda chombo. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alivutiwa na muziki wa Misri, ukapigwa katika jumba lake kwa Kiarabu. Kisha akaja Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu, akauimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akafika Bombay kutia sauti yake kwenye sahani za santuri. Watu wa mitaani nao hawakungoja ganuni. Walichukua sanduku la chai, wakalitia mti na kamba likawa besi, wakachukua fidla, vingoma viwili vidogo, cherewa za vifuu vya nazi, na kidumbak kikazaliwa, muziki wa kuchezea harusi mpaka jua lichomoze. Waarabu wa Kimanga walikuja na razha yao ya panga. Tufani ya mwaka 1872 ilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobaki kuibeba karafuu, na baadaye Wanyamwezi wakaja kupalilia mashamba, nao hawakuja mikono mitupu. Mtu anayelala ugenini miezi mingi hubeba nyimbo za kwao. Kisiwa hiki kimepokea sauti za watu kwa muda mrefu, kikazitia nazi na kuzifanya zake.

Ushahidi ulio hai upo Kengeja, humu humu wilayani Mkoani. Mchezo wa ng'ombe unasemwa na wengi kuwa ni alama iliyoachwa na Wareno, waliokuwa na nguvu mwambao huu mpaka walipong'olewa Fort Jesus mwaka 1698. Wareno wameondoka, fahali amebaki. Ila Mpemba ameufanyia mchezo huo mambo yake: fahali hauawi, hutoka uwanjani kwa miguu yake na mwenyewe akimsifu, na ngoma na zumari ndizo zinazompandisha mori. Usije siku ya Idi ukauliza fahali yuko wapi. Mchezo huo una msimu wake, aghalabu miezi ya kaskazi, na ukibahatika kuwapo, simama nyuma ya mti mnene. Kijana wa mjini aliyevaa viatu vyeupe na kusimama mbele ili apigwe picha, fahali naye huwa amemwona.

Mwalimu, askari au mfanyabiashara kutoka bara anayepanga nyumba ya pili, usimpite siku ya Idi. Mpelekee sahani, na umwite uwanjani mkatazame ngoma pamoja. Tarehe 25 Disemba sahani hiyo itarudi na kitu ndani yake, na pengine utaimbiwa wimbo wa kwao. Nimeona mtu wa Songea akiitikia kibati vizuri kuliko vijana watatu waliozaliwa hapa hapa, na bibi mmoja akasema huyu apewe mke abaki.

Haya, spika.

Miaka michache nyuma, alasiri ya Sikukuu ya pili, nilikuwa kijiji kimoja cha wilaya hii. Wazee walikuwa wamezipasha ngoma moto mpaka ngozi zimekaza, misewe imefungwa, watoto wamekaa chini mbele. Wimbo wa kwanza ulikuwa umeanza kupata joto. Kijana mmoja aliyekuja kula Idi akaegesha gari chini ya mwembe, akafungua milango yote minne, akawasha muziki ule ule unaopigwa kila mahali kuanzia Mbagala hadi Mwanza. Hakuwa na ubaya. Alitaka kuongeza furaha. Watoto wakainuka mmoja mmoja kuelekea garini, kwenye taa. Wapiga ngoma wakaongeza nguvu, lakini mkono wa mzee hauna betri. Hawakugombana na mtu. Mzee mmoja akakaa juu ya gogo, akaanza kufungua misewe yake, mguu wa kulia kwanza, halafu wa kushoto, akaitia ndani ya kikapu, akaondoka kwenda kuswali magharibi. Nilimtazama akipanda njia mpaka alipopotea, na bado naumia nikikumbuka.

Muziki wa spika ile utaukuta tena Dar es Salaam, kwenye daladala, dukani, kwenye simu ya mwanao. Hautakufa kwa kunyimwa siku nne. Msewe wa kijiji kile unategemea magoti ya watu wachache na alasiri chache kwa mwaka, na alasiri moja kati ya hizo tuliipoteza mbele ya macho yetu. Wewe uliyekulia mbali ndiye unayeulizwa na mwanao, kule Muscat au London, sisi ni watu gani. Utamwonyesha nini, ikiwa uliporudi kwenu ulirudi na sauti ya kule ulikotoka?

Kwa hiyo hatua ya mwisho ni hii, na ndiyo nzito kuliko zote. Zile noti ndogo usizimalize kwa watoto asubuhi. Bakisha za uwanjani. Mwambao wote unajua kutunza: mwimbaji wa taarabu akiwasha moto mnainuka kwa madaha na noti juu, mnampitishia mbele ya watu. Mpiga ngoma wa kijijini naye ana mikono, ana watoto, na ngozi ya ngoma inanunuliwa. Inuka, mtunze. Mtunze mbele ya watoto, ili waone kwamba kazi hii ina heshima na ina riziki. Kisha ingia uwanjani. Utakosea mguu, utachekwa, na anayekucheka ndiye atakayekushika mkono kukufundisha. Na mwanao umkalishe mbele, umwombe mzee amfunge misewe hata kwa wimbo mmoja, aisikie miguu yake mwenyewe ikilia.

Ukiwa Mkoani mjini na ngoma iko kijijini, panda gari ya 603, ushuke Mtambile, uulize kwa salamu. Utaelekezwa na watu watatu kwa wakati mmoja. Ondoka mapema. Ngoma huanza baada ya sala ya alasiri.