Namna ya Kumgonga Mtu wa Baiskeli na Ukabaki Muungwana

Dereva mwenzangu, ipo siku utamgonga mtu wa baiskeli. Una haraka, unachati, na honi umeshapiga. Kwa desturi yetu honi ikishalia, yanayofuata ni juu yake. Nifuate polepole.

1. Wahi kusema. Shuka umeshika kichwa: "Katokea ghafla!" Kama ni Barabara ya Morogoro, uliza kwa uchungu kwa nini hakupita njia ya baiskeli waliyojengewa kando ya mwendokasi. Usitaje kwamba asubuhi uliegesha gari papo hapo ukinunua vocha. Wananchi wenye hasira kali wakianza kuokota mawe, kimbilia kituoni. Afande atayaandika maelezo yako wakati mwenzako bado yuko mtaroni.

2. Lipa mayai. Hapa usiwe bahili. Tuseme jamaa alifunga trei za mayai kwenye keria. Ute umetapakaa kwenye lami, ringi ya mbele imepinda namba nane. Toa noti hadharani, hesabu kwa sauti, trei moja baada ya nyingine. Yai lina bei inayojulikana sokoni, goti halina. Ongeza na ya ringi. Utasikia, "Huyu baba muungwana kweli," na watu wataanza kutawanyika. Hao walikuwa mashahidi. Waache waende.

3. Kama mawe hayakuokotwa, mpeleke kutibiwa, ila si hospitali ya serikali. Kule wataulizia PF3, na PF3 hutoka polisi, na trafiki atataka kupima barabara na kuchora ramani ya ajali. Ya nini yote hayo? Tafuta zahanati ya uchochoroni, lipia bandeji na dawa ya maumivu, umwambie: "Mdogo wangu, sisi watu wazima. Tuyamalize wenyewe."

4. Bima usiitaje. Gari lako lina angalau ile bima ndogo, maana sheria haikukupa hiari, na iliwekwa kwa ajili ya watu kama huyu aliyekaa siti ya nyuma akishikilia goti. Yeye anadhani bima ni mambo ya wenye magari. Usimharibie.

5. Msainishe karatasi kwamba hana madai, kisha uwe mtu wa kesho. Simu ya kwanza pokea. Ya pili uko kikaoni. Ya tatu una msiba. Akienda mahakamani, omba kesi ipigwe kalenda: wewe unakuja na gari, yeye anabadilisha daladala mbili na magongo yake, na siku hiyo hauzi yai hata moja. Na asipoenda, siku zinakusaidia: madai ya fidia ya namna hii yana ukomo wa miaka 3. Namba nyingine zote unaweza kuzisahau.

Tahadhari. Wapo wachache wabishi. Mtu kalala chini, lakini kashapiga picha namba za gari lako. Kachukua namba za simu za watu wawili kabla hujafungua pochi. Hela ya mayai kaikataa mpaka trafiki afike, na kesho yake yuko kituoni na PF3, anauliza kampuni yako ya bima ni ipi. Huyo hana dawa. Ukimwona mbele yako, punguza mwendo, mwachie mita nzima, umpite taratibu.