Waliobaki Nao Wapewe Pole

Kwetu pole haina bahili. Aliyefiwa anapewa, mgonjwa anapewa, hata aliyejikwaa barabarani anapewa na watu asiowajua. Kampuni yetu ilipopunguza wafanyakazi, pole zote zilikwenda kwa walioondoka, na ni haki yao. Sisi tuliobaki tulipewa pongezi. "Mshukuru Mungu, wewe umebaki," aliniambia mama mkwe, akafuata mangi wa dukani, kisha kondakta wa kifodi ambaye sijui hata nani alimpelekea habari zangu. Nimeshukuru mpaka magoti yameota sugu. Sasa naomba nilalamike kidogo.

Walioondoka waliondoka na kiinua mgongo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka kisipungue mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotumikia, mwisho miaka 10. Si fedha ya kujengea ghorofa, lakini ni kitu. Sisi tukabaki na mgongo wenyewe, pamoja na mizigo ya kuubebesha, maana walipunguzwa watu, kazi ikabaki vilevile. Tuligawana kazi za walioondoka kama mirathi, ila marehemu alikuwa ameacha madeni matupu. Mimi mhasibu wa kawaida nilirithi stoo, nikarithi madereva, nikarithi na uwekahazina wa kamati ya misiba na harusi. Funguo za stoo zilikuja kwenye pete moja, kila ufunguo umezungushiwa plasta nyeupe ya hospitali, na juu ya plasta maandishi ya kalamu yaliyofutwa na jasho la aliyenitangulia. Mmoja tu bado unasomeka: "USIFUNGUE." Unafungua nini sijui, na nafasi ya kwenda kujua sina.

Naishi Tengeru, kazi iko Arusha mjini. Natoka Mlima Meru haujaanza kuonekana, narudi umeshapotea gizani, kwa hiyo siku hizi naujua mlima huo kwa picha za kalenda. Jumatano na Jumamosi, siku za soko, nilikuwa mtu wa kuonekana pale kwenye mikungu ya ndizi nikibishana bei. Sasa akina mama wa ndizi wanamuuliza mke wangu kama nimehamishiwa Dodoma. Jioni nikikaa tu kwenye kiti cha kifodi, usingizi unanichukua. Juzi nilipitishwa kituo mpaka Usa River, na kondakta akanidai nyongeza ya nauli. Hiyo ndiyo nyongeza pekee niliyoiona tangu wenzangu waondoke, na niliilipa mimi.

Uongozi uliliona hilo. Ukatuletea semina ya kukabiliana na msongo wa mawazo. Iliwekwa Jumamosi, siku ya mapumziko, ili isiingiliane na kazi. Mwezeshaji alitoka Dar es Salaam, kijana nadhifu mwenye sauti ya kubembeleza watoto, akatuambia tufumbe macho, tuvute pumzi, kila mmoja aende kimawazo mahali panapompa utulivu. Mimi nikaenda zangu Ziwa Duluti, si mbali na nyumbani. Nimefika ukingoni, nimeanza kusikia ndege, simu ya madereva ikaita.

"Mzee, tairi limepasuka hapa Makuyuni. La akiba nalo halina upepo. Ninunue?"

Nikamjibu kwa kunong'ona, macho nimeyafumba vilevile ili nisimwangushe mwezeshaji. Bei niliyotajiwa ndiyo iliyonifumbua macho. Huu ndio mji uliokuwa na kiwanda cha General Tyre, kikitoa matairi tangu miaka ya 1970 mpaka uzalishaji uliposimama miaka ya 2000. Wazee waliofanya kazi pale wakianza kuhadithia siku za kiwanda, chai inapoa mezani. Maumivu yao siyapunguzi hata chembe. Lakini kiwanda kikisimama, mashine nazo zinasimama. Hakuna aliyeachwa pale peke yake na kuambiwa matairi ya leo yatoke kama ya jana.

Nilikwenda hospitali. Nilimweleza daktari kwamba nikisikia mlio wa ujumbe kwenye simu moyo unaruka, kwamba kazi niliyoipenda sasa naitazama kama deni, na kwamba hesabu ya dakika kumi inanimalizia asubuhi. Akaitikia kwa kichwa, akanipima presha, akasema nipumzike. Nikamwomba ED, ile karatasi ya kuruhusiwa kutokwenda kazini. Akacheka kwa huruma. Kumbe Shirika la Afya Duniani, lilipopitisha orodha yake mpya ya magonjwa mwaka 2019, liliutaja uchovu huu wa kazi kuwa ni hali itokanayo na ajira, si ugonjwa. Sawa. Ila mwaka 2021 shirika hilohilo, pamoja na Shirika la Kazi Duniani, lilikadiria kuwa mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo kutokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Nilivyoelewa mimi, ukichoka huumwi, ila unaweza kufa. Ikifika hapo ndipo ED itatoka, na aliyerithi kamati ya misiba ni mimi.

Wala si sisi wadogo tu. Hapa hapa mjini ilikaa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyofungwa rasmi Desemba 31, 2015. Ilipokuwa ikielekea mwisho, watumishi waliondoka kutafuta ajira za kudumu, huku kesi zikiwataka waliobaki. Chombo cha kurithi shughuli zake kilipoanza Arusha Julai 2012, baadhi ya watumishi walivalishwa kofia mbili, moja ya Mahakama na nyingine ya mrithi wake. Kofia mbili, kichwa kimoja. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa la kupelekea taarifa. Mimi nina kundi la WhatsApp la ofisi, na nikiandika humo napelekewa viganja viwili vilivyounganishwa.

Aliyenipa akili ni shemeji yangu. Alikuwa akikata waridi kwenye shamba la maua mwaka 2020, Ulaya ilipojifungia kwa UVIKO-19 na maua kukosa mnunuzi. Wenzake wengi walirudishwa nyumbani. Soko lilipoanza kurudi, waliobaki wakaongezewa matuta ya kuhudumia. "Nyinyi mlifanyaje?" nikamuuliza. "Tulivuta pumzi?" akanirudishia swali, huku anamenya ndizi za mtori. "Tulimwambia msimamizi, wote kwa pamoja na mtu wa chama cha wafanyakazi yupo: matuta haya ndiyo yanayomtosha mtu mmoja. Mengine tutajie nani atayafanya." Msimamizi alinuna, lakini matuta yakapungua. Ule ujanja hauna hata slaidi moja.

Nami nikaisoma ile sheria ya ajira, usiku, saa ambazo hazilipwi. Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu, ashauriane juu ya namna ya kuepuka, namna ya kuchagua wa kuondoka, na malipo yao. Wa kubaki na mafaili yao sikumwona. Kifungu cha 19 ndicho kilichonifurahisha: saa 45 kwa wiki, za ziada zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki 4, na zilipwe mara moja na nusu. Nikaandika barua kurasa mbili, nikaambatanisha orodha ya kazi zote za idara tatu, nikauliza swali la shemeji: zipi ni zangu, na zilizobaki nani atazifanya?

Afisa utumishi aliniita. "Kaka, saa za ziada hazikuhusu. Wewe sasa ni Kaimu Mkuu wa Kitengo, na kifungu cha 17 kinawatoa wanaosimamia wenzao."

"Ndiyo, bosi, lakini wenzangu wote wa kitengo hiki mmewapunguza. Namsimamia nani, feni?"

Akatazama dari kwa muda, kisha akatoa jibu linalozika kila jambo katika nchi hii: "Tutalifanyia kazi."

Na kweli lilifanyiwa kazi. Wiki iliyofuata barua yangu ilirudi mezani kwangu ndani ya faili jipya, imegongwa muhuri, na juu yake maandishi ya wino mwekundu: "Kaimu, kwa utekelezaji." Maana dawati la malalamiko ya wafanyakazi nalo lilipunguzwa, na mrithi wake, kama ulivyokwisha kukisia, ni huyu anayekuandikia.

Basi nimetekeleza. Nimefungua kifungu cha 31, nikakuta likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, na mimi zangu ziko zote. Nikajaza fomu. Panapoandikwa "mwombaji" nikasaini, na panapoandikwa "anayeidhinisha" nikasaini tena, nikaongeza na maoni kwamba mtumishi huyu ni mchapakazi na anastahili. Simu ya madereva na zile funguo za plasta nimemkabidhi afisa utumishi, naye akasaini kupokea kabla hajasoma. Kofia mbili nazo zina siku yake.