Barua kwa Waheshimiwa Wanaotafuta Theluthi

Kwa Waheshimiwa Wabunge wote,
Bunge la Taifa,
Nairobi.

MINT: MWALIKO WA ZIARA YA MAFUNZO, RONGO HADI RODI KOPANY

Waheshimiwa,

Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima, na mkiwa wengi. Nasisitiza wengi kwa sababu naijua shida yenu. Februari 2019 mswada wa jinsia ulipofika kupigiwa kura, wabunge 233 walihitajika na hamkutimia. Nawaelewa. Mimi pia hukaa stejini hapa Rongo alfajiri na ndoo zangu tupu, nikingoja matatu ijae niende Homa Bay kununua omena. Lakini makanga wetu akikosa abiria wawili hupiga mayowe, huvuta watu mikono, mwisho huondoka akaokota wengine njiani. Gari lenu liko stejini tangu 27 Agosti 2010, siku Katiba ilipozinduliwa. Ajabu ni kwamba siku ya kujadili marupurupu hujaa kabla makanga hajafungua mlango.

Katiba ilisema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti vyenu, na ikawapa miaka mitano ya kutunga sheria. Mkaongeza mwaka mmoja. Mahakama ikawaamuru, mkasikiliza kwa adabu. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge kwa kosa hilo, nanyi mkaendelea kuketi. Tunaambiwa hesabu yenyewe ni ngumu. Mimi theluthi naijua kwa gorogoro: tukiwa wanawake watatu tumechangia gorogoro tatu za omena, kila mmoja anaondoka na moja. Hatujawahi kuunda kamati.

Ndiyo maana nawaalika. Najua mnapenda kujifunza mbali, ikibidi kwa ndege, lakini huku gari ni moja tu. Katika uchaguzi wa 2022 kaunti ya Homa Bay, yenye maeneo bunge manane, ilichagua wabunge wanawake watatu: Millie Odhiambo wa Suba Kaskazini, Lilian Gogo wa Rangwe na Eve Obara wa Kabondo Kasipul. Watatu kati ya wanane! Theluthi imepatikana na chenji ikabaki, bila mswada. Juu yake wakamweka Gladys Wanga kuwa gavana. Migori, kaunti yangu, nayo ina maeneo bunge manane. Ilichagua wanawake wangapi? Sitaki kuwachosha kuhesabu. Sufuri.

Nimechunguza sana sababu. Ziwa ni lilelile. Chama cha chungwa kina nguvu pande zote mbili. Matatu haipiti hata daraja la maana kati ya Rongo na Rodi Kopany iliyo Homa Bay, lakini humo njiani, sijui kona ipi, mwanamke hupata uwezo wa kuongoza. Na jioni akirudi na ndoo zake humtoka. Huku kwetu mama akitaja ubunge huulizwa, "Si mna kiti chenu cha mwakilishi wa wanawake?" Bi. Wanga alikikalia kiti hicho tangu 2013, na 2022 akainuka akaenda zake kwenye ugavana. Kumbe mtu akishakaa anaweza kuinuka.

Msidhani tunalalamika kwamba tunabaguliwa kila mahali. Ohangla ikipigwa mbele ya jukwaa la kampeni, theluthi yetu huwa imetimia na kupita, tena juani. Ufukweni, mwanamke asiye na mtaji wa samaki hupewa nafasi yake kwa mvuvi kwa ule mpango wa jaboya, na malipo yake, nyote mnajua, ni mwili wake. Utafiti wa taifa wa 2018 ulikuta virusi vya ukimwi kwa asilimia 6.6 ya wanawake na 3.1 ya wanaume. Homa Bay iliongoza nchi kwa asilimia 19.6, Migori 13. Yaani katika mzigo huo ni sisi tuliopata theluthi mbili, na hakuna wakili aliyekwenda mahakamani kudai kwamba Katiba imevunjwa.

Hata mpira. Mwaka 2024 wasichana wa Junior Starlets walikuwa timu ya kwanza ya kandanda ya Kenya kufika Kombe la Dunia, lile la wasio na miaka 17, na wakaichapa Mexico 2-1. Kaka zao wa Harambee Stars bado wako stejini pamoja nanyi.

Mkifika nitawapeleka hadi Kendu Bay, Karachuonyo, mkaone ziwa la Simbi Nyaima. Wazee husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji. Usiku mmoja wa pombe na ngoma ajuza alibisha akiomba hifadhi, wakamfukuza; mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama na ngoma zake. Siku hizi ni mahali pazuri pa kutazama heroe.

Mbunge wa Karachuonyo hiyo aliwahi kuwa Mama Phoebe Asiyo. Mwaka 1997 alibisha mlangoni kwenu na hoja ya kuwatengea wanawake nafasi. Mkaiangusha. Nakiri wengi wenu hamkuwamo, lakini ngoma ni ileile. Mama alifariki Julai 2025 akiwa na miaka 92, gari likiwa bado stejini.

Marupurupu hatuna; kichwa cha mbuta kipo, na ugali. Kwa wabunge 233 nimeshaagiza matatu kumi na saba, kila moja watu kumi na wanne. Kama hamtatimia, nijulisheni mapema nirudishe kumi na sita.

Wenu mtiifu,
Mchuuzi wa omena,
Steji ya Rongo.