Sifa za Anga Lililoungua

Mvua imesifiwa, mwezi umesifiwa, hata ngamia ana mashairi yake. Mimi leo nalisifu anga jeupe pe la adhuhuri ya Tarbaj, lile linalommeza ndege pichani mpaka aonekane kama karatasi iliyobandikwa ukutani. Wapiga picha husema "limeungua", na kila siku wanakesha kwenye kompyuta wakilitibu. Mimi nalitetea.

Kwanza, anga hili halidanganyi. Tarbaj ipo kaskazini mashariki ya mji wa Wajir, kwenye njia ya kwenda Mandera, nyuzi kama 2 tu juu ya ikweta. Saa sita mchana wakati wa jilaal, msimu wa kiangazi, jua limekukalia utosini, vumbi limetanda, na ukiinua macho buluu huioni. Picha ikitoka nyeupe, kosa la kamera ni lipi? Imesema ilichokiona.

Pili, ni mwalimu asiyetoza karo. Kamera hutamani kila kitu kiwe na mwanga wa kadiri. Ielekeze juu kwenye mgunga, nayo itaogopa mng'ao, ipunguze mwanga, na ndege awe mweusi kama kaa la jikoni. Ongeza mwanga hatua 2 ili umwone manyoya, anga nalo linateketea. Mshika mawili moja humponyoka. Methali hiyo wengine waliisoma darasani, mimi nilifundishwa na korongo.

Tatu, linatunza siri kuliko kaburi. Katika picha ya kawaida ya kompyuta, nyekundu, kijani na buluu hupimwa kuanzia 0 hadi 255. Anga lililoungua lina 255 kote kote. Lipunguze mwanga utakavyo, litakachokupa ni kijivu cha uji uliolala. Wenye faili ghafi ya biti 14 hujivunia ngazi zao 16,384, na kweli huokoa kidogo. Lakini kihisi cha kamera ni kama mtungi kisimani: ukishajaa, kinachofuata kinamwagika, na hakuna atakayekuambia zilikuwa lita ngapi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tena lina nasaba. Sahani za picha za miaka ya 1850 zilikuwa nyepesi mno kuathiriwa na mwanga wa buluu, kwa hiyo mbingu zilitoka tupu. Mfaransa Gustave Le Gray akapata dawa: alipiga bahari mara moja, mawingu mara nyingine, kisha akaziunganisha picha mbili kuwa moja. Kwa hiyo kughushi mbingu hakukuanza jana. Kilichobadilika ni kwamba Le Gray alitoka jasho.

Sisi hatutoki jasho. Oktoba 2020 Adobe iliingiza katika Photoshop kitufe cha kubadilisha anga zima: unachagua mawingu kama mtu anayechagua kitenge dukani. Msimu uleule, mvua fupi za deyr zikakatika katika Pembe ya Afrika, na misimu 5 ikafuatana bila mvua ya kutosha mpaka mwisho wa 2022. Mawingu yalipokosekana Tarbaj, kwenye kompyuta yalikuwa ya bure.

Nami nilionja. Februari 2022 nilimpiga picha korongo marabu kileleni mwa mgunga: kipara, mfuko wa shingo unaning'inia, miguu imepakwa kinyesi chake mwenyewe ili ipoe, myeupe kama imepigwa chokaa. Anga nyuma yake, kama kawaida, limeungua. Usiku nikambandikia mawingu mazito ya mvua. Nilipoikuza picha nikaona kila mwiba wa mgunga umevaa pete ya mwanga, na tumbo jeupe la marabu, programu ililidhania mbingu, kwa hiyo wingu moja lilikuwa likipita katikati ya utumbo wake. Nikaparekebisha kwa brashi, nikaituma kwenye kundi la familia.

Kabla ya swala ya alfajiri simu ikalia. Ni abti yangu, yaani mjomba, yuko malishoni.

"Abti, hilo wingu umeliona upande gani? Vijana wanafunga mizigo, tunataka kuhama kulifuata."

Nikameza mate. "Abti, si la huku. Nimelitoa kwenye kompyuta."

Kimya. Nikasikia kengele za ngamia upande wa pili.

"Basi lirudishe," akasema, akakata.

Nikalirudisha. Tangu siku hiyo siioni aibu katika weupe ule. Anga lililoungua halijamwongoza mchungaji yeyote kwenye malisho yasiyokuwepo, wala halijamtia marabu wingu tumboni. Kasoro yake inaonekana na kila mwenye macho. Uzuri wa lile jingine ndio uliotaka kuhamisha boma zima.

Wewe unayependa buluu, isiwe tabu: amka. Saa moja asubuhi jua liko chini, linammulika ndege ubavuni, na anga la Tarbaj ni la buluu bila kuguswa na mtu. Ukichelewa mpaka adhuhuri, piga picha yako, na anga liache jeupe. Siku hiyo lilikuwa jeupe.