Sufuria Iliyobaki Jikoni

Alfajiri ya Alhamisi, Mei 27, 2021, gavana wa kijeshi alitangaza kwamba kartiye 10 kati ya 18 za mji wa Goma zihame kuelekea Sake. Kartiye yetu, Majengo, ilikuwamo. Siku tano zilikuwa zimepita tangu mlima wa volkano wa Nyiragongo umwage moto hadi Buhene, na ardhi ilikuwa bado inatetemeka.

Mama mkwe aliketi kitandani, hataki kuvaa viatu.

"Mungu anajua siku yangu. Kama ni leo, Sake haitanificha."

Baba Neema, mume wangu, alimkumbusha Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji na kuimeza kathedrali ya Saint-Joseph. Siku ile mama alimshika mkono yeye, mtoto mdogo, wakakimbilia Gisenyi.

"Siku ile pia Mungu alijua, mama. Na bado ulikimbia."

Akavaa viatu.

Barabara ya Sake ilijaa watu, magodoro, bidoni na chukudu za mbao za kubebea mizigo. Tulipofika Mugunga nikasimama ghafla. Maharage! Nilikuwa nimeyabandika usiku kwenye mbabula iliyojaa makaa, ndani ya jiko la mbao. Hakuna aliyezima. Mlango nilikuwa nimeutia kufuli, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu.

"Twende tu, Mama Neema," mume wangu alisema kwa uchovu. "Kama nyumba itaungua, Mungu ameshajua. Alilolijua halibadiliki."

Maneno yale yalinipa nafuu, kwani yaliniondolea lawama. Lakini mama mkwe, aliyekuwa amegoma kuondoka, alinigeukia.

"Mwanangu, hata mimi sasa najua kwamba uliacha moto. Je, ni mimi niliyeuacha?"

Boethius, mwanafalsafa wa Roma, alilitafakari swali hilo gerezani karibu mwaka 524. Alisema kumwona mtu akitembea hakuisukumi miguu yake, na kwamba Mungu huziona siku zote kwa pamoja, jana na kesho zikiwa mbele yake kama leo. Wapo wanaouliza: kama alijua tangu zamani kwamba ningeiacha mbabula ikiwaka, ningewezaje kuizima? Mimi najibu hivi: ningeizima, angekuwa amejua tangu zamani kwamba nimeizima. Ujuzi wake haukunishika mkono. Mkono ulikuwa wangu, na haraka ilikuwa yangu.

Basi, pale pale Mugunga nilimpigia simu kijana jirani aliyebaki kulinda uwanja wake. Alivunja kufuli kwa jiwe la lava, akamwaga bidoni nzima ya maji. Ubao nyuma ya mbabula ulikuwa umeanza kuwa mweusi. Mungu alijua kwamba kijana yule angekuja, lakini vidole vilivyochubuka vilikuwa vyake, na shukrani ni haki yake.

Tuliporudi mwezi Juni, Baba Neema alitaka kuubadilisha ubao ule. Nilimwomba auache.

Nyiragongo ulilipuka mwaka 1977, ukalipuka 2002, ukalipuka 2021, na utalipuka tena. Siku yake Mungu anaijua. Wewe unayeishi chini ya mlima huu, weka nguo na karatasi zako karibu na mlango, sikiliza matangazo, na usiondoke kabla ya kuzima mbabula. Hiyo ni kazi yetu.